Kungoja Habari Isiyo na Siku

Nimefikia kuamini kwamba uzito wa kungoja habari haumo katika urefu wa muda, bali katika kutoambiwa muda huo utakwisha lini. Mtu anayejua kwamba jibu lake litatoka baada ya mwezi mmoja anaweza kuupanga mwezi wake, akafanya kazi zake na kulala usingizi wake, ilhali mtu aliyeambiwa "mtapigiwa simu" hana tena mchana wala usiku ulio wake. Ninayaandika haya kutokana na majuma tuliyoyapitisha hapa Lamu tukingoja majibu ya mama yangu. Majibu yenyewe yamekwishakuja na nitayasema, lakini ninataka kukaa kwanza na ule muda wa katikati, kwa kuwa ndio usiozungumzwa. Watu husimulia ugonjwa, na husimulia kupona au kufa. Kungoja hurukwa kana kwamba siku zile hapakutokea kitu.

Mama alitokwa na uvimbe shingoni, chini kidogo ya taya. Haukuwa ukimuuma, na kwa sababu hiyo aliuficha chini ya mtandio kwa muda mrefu kabla sisi wanawe hatujauona. Daktari wa kwanza aliujaribu kwa dawa za kuua vijidudu, na ulipokataa kupungua akasema kwamba lazima akatwe kinyama kidogo kikachunguzwe. Kwa mtu wa kisiwani, kukatwa ni jambo la dakika chache. Kubwa ni safari ya kile kilichokatwa. Kilitiwa katika kichupa chenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kikaandikwa jina, kikavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha kikapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, katika barabara ambayo kwa miaka mingi baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 mabasi yake yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Mama alibaki nyumbani Lamu, na sehemu yake isiyozidi punje ya kunde ikawa Mombasa, nayo ndiyo iliyochukua habari zake zote.

Nilipoanza kuuliza ndipo nilipojifunza kwa nini majibu ya namna hii hayatoki siku hiyo hiyo kama yale ya malaria au ya sukari. Kinyama lazima kwanza kikae katika dawa mpaka kikaze, kisha maji yaliyomo ndani yake yatolewe hatua kwa hatua kwa spiriti, kisha kizamishwe katika nta ya moto ambayo ikipoa huwa bonge gumu linaloweza kukatwa. Bonge hilo hukatwa kwa mashine vipande vyembamba mno, vya unene wa sehemu tatu hadi tano katika sehemu elfu moja za milimita, na vipande hivyo hutandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau na ya waridi ili kiini cha kila seli kionekane wazi. Hapo ndipo daktari bingwa wa patholojia anapokaa na darubini yake akasoma, na kuna nyakati kioo cha kwanza hakimtoshi, ikabidi vipande vingine vikatwe na vitiwe rangi nyingine. Mabingwa hao si wengi katika nchi, na vichupa humiminika kwao kutoka kila upande. Hizi zote ni sababu za haki kabisa, na laiti tungalielezwa tangu siku ya kwanza tungalilala vizuri zaidi. Aliyetupokea alitwambia tu kwamba tutapigiwa simu.

Basi simu ya kaka yangu, ambaye namba yake ndiyo iliyoandikwa, ikawa mkubwa wa nyumba. Alikwenda nayo msikitini akiwa ameizima sauti lakini ameiweka mfuko wa kifuani, mahali ambapo ingetetema angeihisi. Alilala nayo chini ya mto. Kila namba ngeni ilitupandisha roho, na mara nyingi alikuwa mtu wa matangazo, au mtu aliyekosea namba na kuomba radhi kwa adabu bila ya kujua alichotufanyia. Mama peke yake ndiye asiyeitazama simu ile. Aliendelea kushona kofia yake ya vito, kitundu baada ya kitundu, na ukimtazama ungesema kwamba anayengojewa majibu ni mtu mwingine.

Sisi wengine tulianza kusoma ishara. Muuguzi aliyemfunga kidonda alikuwa amekunja uso; je, aliona kitu? Daktari alisema "tuone kwanza". Kwa nini aliongeza hilo "kwanza"? Siku zilivyozidi kupita bila ya simu, wako walioona kwamba jibu baya ndilo linalochelewa kwa sababu wataalamu wanalihakikisha, na wako walioona kwamba jibu baya ndilo linaloharakishwa, kwa hivyo kuchelewa ni heri. Pande zote mbili zilizungumza kwa yakini, na hakuna upande uliokuwa na habari yoyote. Wazee wamesema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tukausikia mshindo huo katika kila kimya. Methali hiyo ni ya kweli kwa watu, maana mtu aliyenyamaza huenda ana jambo. Lakini kichupa kilicho katika foleni kimenyamaza kwa sababu kiko katika foleni.

Usiku mmoja mama yetu mdogo alisema kwa sauti lile lililokuwa vifuani mwetu: afadhali wangesema kwamba ni saratani tukajua moja. Tulimkasirikia sana. Dada yangu aliondoka chumbani. Hata hivyo nimelifikiri neno lake mara nyingi tangu hapo, na ninaona kwamba hakusema kwa ukatili. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio ambalo watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kubahatisha kama chini ya jiwe pana nyoka au hapana. Nyoka alipokuwapo, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, yenye kuuma. Watafiti walipima jasho la wachezaji na kupanuka kwa mboni za macho yao, wakaona kwamba wasiwasi ulifika kilele pale uwezekano wa kupigwa ulipokuwa nusu kwa nusu, na kwamba mtu mwenye yakini kwamba atapigwa alikuwa na utulivu zaidi kuliko mtu anayeweza kuepuka. Mama mdogo hajawahi kusikia habari za jaribio lile, lakini mwili wake ulikuwa ukimwambia jambo hilo hilo. Hakuwa akimwombea dada yake saratani. Alikuwa akiomba kutoka katika ile nusu kwa nusu.

Mji wetu una namna yake ya kungoja habari, na katika siku zile nilijikuta nikizipima moja baada ya nyingine. Iko ile ya muda mfupi kabisa, pale kipaza sauti cha msikiti kinapofunguliwa katika wakati usio wa adhana. Aliye njiani husimama, mwenye duka huacha kupima, na hata mwenye punda humzuia punda wake, kwa maana kila mmoja anajua kwamba linalofuata ni jina la maiti. Katika nafasi ile kabla ya jina, watu wote unaowapenda wamo hatarini kwa pamoja. Kisha jina husomwa, la marehemu na la baba yake, na mji hugawanyika pale pale kati ya wenye msiba na wenye kwenda kuhani.

Na iko ile ya jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani, ambayo ninaipenda kuliko zote. Watu wakishafuturu na kusali magharibi hupanda juu ya madari, kwa sababu mji wa Lamu umeelekea mashariki, upande wa Manda, na mwezi mwandamo hutafutwa magharibi, nyuma ya migongo yetu. Wenye macho makali huonyesha, wengine huapa kwamba ni wingu. Simu huenda Kizingitini, huenda Kiunga, huenda Mombasa. Watu husubiri neno la Kadhi Mkuu, na huku chini jikoni wanawake wamesimama bila ya kujua kama wapike daku au waanze mapishi ya Idi. Ni kungoja kwa kweli, kwenye mapigo ya moyo na mabishano, na mabishano hayo hayamaliziki mjini, kwani wako wanaofuata mwezi wa Maka na wako wanaotaka uonekane hapa petu. Lakini tazama jinsi kulivyowekewa mpaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba tufunge kwa kuuona mwezi na tufungue kwa kuuona, na ukifunikwa na mawingu tutimize siku 30. Kwa hivyo hata habari isipokuja, jibu limekwishakuja: kesho tunafunga, na keshokutwa ni Idi bila shaka. Kimya chenyewe kimepewa maana. Hakuna mtu anayelala usiku ule akiwa hajui afanye nini alfajiri.

Hata wale wazee wetu waliongoja barua kutoka Shihiri na Maskati huko Arabuni walikuwa na mpaka wao. Barua iliyoondoka na upepo wa kusi jibu lake lilirudi na kaskazi, miezi mingi baadaye, na sisi tunaotazama simu kila dakika tunadhani kwamba watu wale waliteseka mno. Mimi siamini hivyo tena. Kaskazi ilipoanza kuvuma walijua kwamba sasa ni wakati wa kutazama majahazi, na kaskazi ilipokwisha walijua kwamba mwaka huu basi. Msimu uliwaambia lini watumaini na lini waache.

Bahari hiyo hiyo, lakini, ndiyo inayoleta kungoja kubaya kuliko kote, na aliyenikumbusha ni mama mwenyewe, akishona, bila ya kunyanyua macho. Alikuwa na rafiki yake wa utotoni ambaye mumewe alitoka kuvua katika miezi ya kusi kali, wakati ambapo mawimbi hupanda sana nje ya mlango wa Shela, na mashua yao haikurudi. Haukupatikana ubao wala mtu. Kilichokuja ni uvumi: wameonekana Kiunga; wamevutwa na meli wakashushwa Kismayu; mmoja wao amempigia mtu simu ikakatika. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanamke yule aliishikilia methali hiyo, na kila uvumi ulimpeleka ukutani pwani akarudi jua limezama. Hakujua kama yeye ni mke au ni mjane. Hakuweza kukaa eda, ambayo ni miezi 4 na siku 10, kwa sababu eda hiyo hukaliwa kifo, na kifo hakuna aliyekileta.

Nilikwenda kusoma jinsi watu walivyojaribu kulitatua jambo hili, na niliguswa kuona kwamba sheria, ambayo tunaidhania kavu, imelihurumia. Katika madhehebu ya Imam Malik, mke wa mtu aliyepotea akilifikisha shauri lake kwa kadhi huwekewa miaka 4, kisha hukaa eda ya kufiwa, na hukumu hiyo inanasibishwa na Sayyidna Umar. Imam Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata hapa pwani, katika kauli yake ya baadaye aliona kwamba mke asubiri mpaka apate yakini. Na Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka 7 kwa wale ambao wangetarajiwa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Miaka 4 au miaka 7 haimwambii mwanamke yule bahari imemfanya nini mumewe. Inachompa ni siku. Mama anasema kwamba wazee walipokaa mwishowe, wakasoma khitma na akaingia eda, rafiki yake alilia kuanzia asubuhi hadi usiku, kisha akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu mashua ile ilipotoka.

Nilimuuliza mama yeye alifanya nini katika muda ule wote. Akasema kwamba alikuwa akienda kukaa naye. Hakumuuliza kitu. Nami nikawatazama kwa macho mengine watu waliokuwa wakija kumwangalia yeye mama, maana wengi wao, kwa mapenzi ya kweli, waliingia na swali mdomoni: majibu bado? Kila "bado" tuliyoitoa ilitupunguza nguvu, na baada ya wageni kuondoka nyumba ilikuwa nzito kuliko kabla hawajaja. Lakini alikuwapo jirani mmoja ambaye alikuja na bakuli la uji, akasimulia harusi ya mtu huko Matondoni kwa kirefu, mpaka mama akacheka, kisha akaaga. Ninatamani mimi niwe mgeni wa namna ile kila ninapobisha hodi kwa mtu anayengoja.

Ninajua kwamba wako watakaoniambia nisubiri tu, kwani subira huvuta heri. Sibishani nao, mama mwenyewe alipenda kukitaja kisa cha Nabii Yaakub, ambaye alisema kwamba subira ni njema na ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf. Hata hivyo, katika kisa hicho hicho, mzee yule aliwaambia wanawe waende wakatafute habari za Yusuf na nduguye na wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Aliyesubiri ndiye aliyetuma watu kuuliza. Nilimsomea kaka yangu mahali hapo, naye hakuhitaji kusomewa mara mbili.

Alikwenda Mombasa na kufika maabara yeye mwenyewe, na tulikuwa tumekubaliana kwamba asiulize kama majibu yametoka, kwa kuwa swali hilo lina jibu moja tu. Aliuliza kichupa kiko hatua gani na kitasomwa siku gani. Kijana aliyekuwa mezani alifungua daftari, akatafuta jina, akamweleza kwa upole kwamba kioo cha kwanza kimekwishasomwa, kwamba daktari ameomba kipande kingine kitiwe rangi ya namna nyingine, na kwamba atarudi kukisoma Ijumaa, kwa hivyo tupige simu siku hiyo baada ya saa nane mchana. Maelezo hayo yote hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Sina namna ya kueleza jinsi nyumba ilivyobadilika. Jibu lilikuwa halijulikani vile vile kama jana yake, na ukilitazama sawasawa, kuombwa kwa rangi nyingine kungeweza kututia hofu zaidi. Lakini siku zilizobaki kabla ya Ijumaa zilirudi kuwa siku. Mama alikwenda Shela kumzuru dada yake. Kaka aliisahau simu yake dukani, akakumbuka usiku. Mimi nilisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu na nikayaelewa niliyokuwa nikiyasoma. Ningependa kila anayepokea kichupa kutoka mkononi mwa mtu, awe katika zahanati ndogo au katika hospitali kubwa, ampe mtu huyo tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, hata kama ni tarehe ya kuuliza tu na wala si ya kupata jibu, na hata kama ikifika itabidi aandikiwe nyingine. Haigharimu dawa wala mashine.

Ijumaa ilipofika tulikaa pamoja na kaka akapiga simu. Kwa majuma yote yale tulikuwa tumejiandaa kwa majibu mawili, kwamba ni saratani au kwamba si kitu, na kila mmoja wetu alikuwa amekwishaishi ndani ya yote mawili mara nyingi. Kilichosemwa ni jingine kabisa: kifua kikuu cha tezi. Hakuna aliyelia wala aliyeshangilia, maana hatukujua lipi linafaa. Mama ndiye aliyesema wa kwanza, kwa mshangao, kwamba yeye hakohoi.

Tulielezwa baadaye kwamba vijidudu vya maradhi hayo, ijapokuwa vimeitwa kwa kifua, huweza kukaa katika tezi, hasa za shingo, na mgonjwa asikohoe hata kidogo. Tulielezwa kwamba yanatibika. Kwamba matibabu yake ni ya miezi 6, dawa za aina nne kwa miezi 2 ya mwanzo na za aina mbili kwa miezi 4 inayofuata. Na kwamba katika vituo vya serikali dawa hizo hutolewa bila malipo. Lakini kabla ya kuanza ilibidi mapafu yahakikishwe, kwa picha na kwa kipimo cha makohozi kinachofanywa na mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi.

Tabibu alitwambia muda huo waziwazi, akatuonyesha benchi. Tulingoja pale habari nzito kama zile za mwanzo, kwa kuwa mapafu yangekuwa na ugonjwa, wajukuu wote wanaolala na mama wangelazimika kupimwa haraka. Na bado tulizungumza, tukanunua maji, mama akasinzia kidogo begani mwangu. Mapafu yalikuwa safi. Mama aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuendelea kula sinia moja na wajukuu zake, na tabibu akamjibu kwamba anaweza, kisha akamjazia kadi ya kuchukulia dawa na kuiandika tarehe ya kurudi.